Je, Wajua? Kwa Nini Vipuri Vipya Mara Nyingi Haviibadilishi Sauti ya Deki ya CD

Mtu ana deki ya CD aliyoizoea miaka mingi. Inacheza vizuri tu, ila siku moja amesikia ya mwenzake, akaona sauti ya kule imefunguka zaidi. Kuanzia hapo usingizi umeharibika: ampelekee fundi ang'oe chipu za zamani atie mpya, au aiweke kando akanunue deki iliyo bora?

Jibu langu ni fupi. Ikiwa mbovu, itengeneze. Ikiwa nzima, usiiguse. Sababu ndiyo ndefu, na inaanzia ndani ya sanduku lenyewe.

Deki ya CD ni mashine mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza kazi yake ni kusoma: mota ya kuzungusha diski, leza na lenzi. Ya pili kazi yake ni kugeuza: chipu inayopokea namba zilizosomwa na kuzifanya umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya itaukuza mpaka spika zitikisike. Mafundi huiita DAC. Mimi nitaiita kigeuzi. Anayeuliza kuhusu kuboresha deki bila kutenganisha mashine hizi mbili atazunguka mbuyu mpaka achoke.

Tuanze na ya kusoma, maana ndiyo yenye maajabu. Kwenye diski hakuna muziki. Kuna vishimo vidogo mno vilivyopangwa katika mstari mmoja unaojizungusha kama gamba la konokono, kuanzia katikati kwenda nje. Ukiunyoosha mstari huo unapita kilomita 5. Kutoka mzunguko mmoja hadi wa pili ni mikromita 1.6 tu, kwa hiyo unywele mmoja wa kichwani ukilala juu ya diski unafunika mizunguko mingi kwa pamoja. Hapo hapo diski inazunguka mara 500 hivi kwa dakika mwanzoni, kisha inapunguza hadi karibu 200 lenzi inapofika ukingoni. Hakuna diski iliyonyooka kikamilifu, hivyo inapozunguka hupanda na kushuka, na lenzi, ambayo inaning'inia kwenye nyaya nyembamba, huvutwa na sumaku kuifuata. Ukiiona kwa pembeni wakati inaitafuta diski, inapumua juu chini kama koo la chura. (Kwa pembeni, nasema. Mwanga wa leza hiyo ni wa nanomita 780, jicho haliuoni, na kwa sababu hiyo hiyo usilipeleke jicho juu yake. Tena deki iliyo wazi huku imechomekwa ina umeme wa ukutani ndani yake. Hapo ni pa mafundi.)

Kwa kazi ngumu kiasi hicho, makosa hayakosi. Philips na Sony, walioileta CD sokoni mwaka 1982, walilijua hilo tangu mwanzo. Namba za muziki hazikuandikwa kwa mfuatano. Zilichanganywa, zikatawanywa, zikaongezewa namba nyingine za kukagulia. Mkwaruzo ukifuta sehemu ya mstari, deki inapiga hesabu na kuzirudisha namba zilizopotea vilevile zilivyokuwa, hata pengo likifika takriban milimita 2.5. Pengo likizidi hapo, deki inakisia. Likizidi sana, ndipo unaposikia sauti inaruka au inakatika. Ndiyo maana diski hufutwa kwa mstari mnyoofu kutoka katikati kwenda nje: mkwaruzo unaokata mizunguko kwa upana unafuta kidogo kidogo kila mahali, na hesabu inauweza. Ule unaokwenda sambamba na mstari ndio unaoua.

Sasa utaona kiini cha jambo. Deki nzima ya bei ndogo na deki nzima ya bei kubwa, zikisoma diski moja isiyoharibika, zinatoa namba zilezile. Hakuna kusoma kwa utamu zaidi. Waliokulia kwenye kaseti na santuri hawalikubali hili kirahisi, na nawaelewa: kule mota ikiyumba, mwimbaji naye anayumba. Kwenye CD, namba husubiri kwanza kwenye akiba ndogo, kisha hutolewa kwa mapigo ya fuwele ya kwatzi, kama ile ya saa ya mkononi, si kwa mwendo wa mota.

Basi labda tofauti ipo kwenye kigeuzi? Zamani, ndiyo. CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila sampuli ina biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 au 1. Kila biti ina thamani ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, kwa hiyo umbali kati ya sauti kubwa kabisa na ukungu wa kelele za diski yenyewe ni desibeli 96 au karibu na hapo. Mwaka 1982 kutengeneza chipu ya kuifikia hesabu hiyo kulikuwa kibarua. Sony CDP-101, deki ya kwanza kuuzwa, ilikuwa na kigeuzi kimoja kilichohudumia pande zote mbili kwa zamu. Philips walianza na vigeuzi vya biti 14, wakavikimbiza kwa kasi mara nne ili vitoe matokeo ya biti 16. Aliyebadilisha deki miaka ile alipata kitu cha kusikika.

Leo kigeuzi cha kawaida kabisa kina kelele ndogo kuliko zilizomo kwenye diski yenyewe. Ukitia chipu iliyoandikwa desibeli 120, diski bado ina 96. Kisima chenye maji ya ndoo tisa hakitoi ya kumi kwa sababu kamba imerefushwa.

Lakini watu wanabadilisha chipu na kusema wamesikia tofauti! Siwaiti waongo. Mara nyingi wamesikia kweli, ila chanzo si wanachokidhani. Deki nyingi hutoa volti 2 pale muziki unapofika juu kabisa. Nyingine hutoa 2.5. Tofauti hiyo ni kama desibeli 2, na sikio lina tabia moja ya ajabu: ongezeko dogo la sauti halilisikii kama ongezeko, linalisikia kama uwazi, uzito na uhai. Fundi akibadilisha sehemu ya kutolea sauti na volti zikapanda kidogo, mwenye deki ataapa kwamba amepewa deki mpya.

Kabla hujatoa hata senti, fanya jaribio. Chukua diski yenye mlio mmoja usiobadilika, uicheze kwenye deki ya kwanza na kupima volti kwenye waya za spika kwa mita ya kawaida. Weka deki ya pili, rekebisha sauti mpaka mita isome vilevile. Kisha mtu mwingine awe anabadilisha deki bila kukuambia ipi inacheza. Nimeliona jaribio hili likiwanyamazisha watu wenye maneno mengi, nami nikiwa mmoja wao.

Kwa deki inayoumwa, hadithi ni nyingine. Hapo pesa ya fundi inazaa. Lenzi hushika vumbi, na pamba yenye spiriti safi, ukiigusisha kwa mkono mwepesi, huitosha. Grisi ya reli ambayo lenzi huteleza juu yake hukauka, deki ikaanza kukwama nyimbo za mwisho mwisho. Mkanda wa mpira wa droo hulegea, droo ikafunguka nusu na kurudi. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, huvimba vichwa. Na leza yenyewe huchoka: dalili yake ya kwanza ni kukataa diski za kuchoma huku ikizikubali za kiwandani, na zile za CD-RW, za kufutwa na kuandikwa tena, hukataliwa mapema zaidi kwa sababu zinarudisha mwanga mchache mno.

Ukibadilisha lenzi yote pamoja na leza yake, kuna mtego. Baadhi huja na tone dogo la risasi lililounganisha nukta mbili kwenye bodi yake, kuikinga leza na umeme tuli njiani. Ukishaifunga na kuunganisha waya wake na bodi ya deki, tone hilo linatolewa kwa chuma cha kulehemu. Mimi sikulitoa. Deki ikakaa kimya, nikamlaumu aliyeniuzia, nikairudisha kwa hasira, naye akavaa miwani, akagusa mara moja, akanirudishia bila neno.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo haihitaji hata bisibisi. Geuza deki utazame nyuma. Ukiona tundu la waya wa koaksia la kutolea namba, au kijidirisha cha mwanga mwekundu cha waya wa optiki, deki yako inaweza kutoa namba zake kabla hazijapita kwenye kigeuzi cha ndani. Nunua kigeuzi cha nje, uiachie deki kazi ya kusoma tu. Hata deki ya DVD iliyosahaulika kabatini inaweza kuifanya kazi hiyo ikiwa ina tundu hilo. Na kesho deki ikifa, kigeuzi kinabaki, kinahamia kwenye kompyuta au televisheni. Fedha iliyolehemiwa ndani ya deki inakufa nayo, na anayeinunua kwako hatailipia, maana yeye anaona tu kwamba imefunguliwa.

Kununua nyingine kuna mantiki pale lenzi ya aina yako isipotengenezwa tena, au pale unapotaka kitu ambacho deki yako haikuumbiwa. Mfano ni SACD (Super Audio CD), diski za muziki zilizotoka 1999: tabaka lao la sauti husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650, kama ya DVD, na hakuna chipu utakayotia kwenye deki ya CD ikaliona. Ukifika dukani, usianze na maneno ya sifa yaliyoandikwa mbele ya deki. Uliza inatumia lenzi ya namba gani, na kama namba hiyo bado inapatikana. Kisha igeuze utazame nyuma kama lile tundu lipo, na uombe wacheze wimbo wa mwisho wa diski ndefu, huko ukingoni ambako deki zilizochoka huumbuka.