Muhtasari wa kikao: maana yake na kazi yake kijijini

Shuleni, muhtasari ni ufupisho: habari ya kurasa mbili unaibana iwe aya moja. Kwenye ofisi ya kijiji neno hilohilo lina uzito mwingine. Hapo ni maandishi rasmi ya kikao: nani walikuwepo, nini kilijadiliwa, nini kiliazimiwa. Mgogoro ukizuka, kinachoulizwa si nani anakumbuka nini. Kinaombwa kitabu cha mihtasari.

Chukua vijiji vya Sengerema, Magu au Ukerewe, mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, ambako eneo karibu na mwalo (mahali mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa) lina waombaji wengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inazuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Halmashauri ni watu 15 hadi 25. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na huitwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo anayeomba eneo la kujenga vichanja vya kuanikia dagaa anahitaji mihtasari miwili: wa halmashauri iliyojadili ombi lake na wa mkutano mkuu ulioridhia. Wengi huondoka na ule wa kwanza, wenye mhuri uliokolea, wakadhani wamemaliza. (Mitaa ya Nyamagana na Ilemela, Mwanza mjini, ina utaratibu wake, haya ni ya ardhi ya kijiji.)

Muhtasari huanza na tarehe, mahali, saa ya kufungua na mahudhurio. Hufuata ajenda, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo (yaani yaliyoachwa na kikao hicho yafuatiliwe), mjadala, maazimio, saa ya kufunga, kisha sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu. Mjumbe mwenye maslahi kwenye jambo, tuseme mwombaji ni shemeji yake, anayataja na kutoka nje, na kutoka kwake kunaandikwa.

Penye udhaifu zaidi ni azimio. “Wananchi waliafiki mwalo uboreshwe” si azimio. Hakuna wa kuulizwa. Linganisha na hili: “Mkutano umeazimia shilingi 600,000 za mfuko wa kijiji zinunue mabati 20 ya choo cha mwaloni. Mtendaji anunue ndani ya siku 30 na alete risiti mkutano ujao.” Kiasi kipo, mhusika yupo, muda upo. Kura nazo zihesabiwe: waliounga mkono 112, waliopinga 37, wasiopiga 9. Jumla ni 158. Orodha ya mahudhurio ikiwa na majina 140, kuna kitu hakiko sawa, na hukuhitaji mkaguzi kukigundua.

Orodha hiyo ndiyo mlango wa ujanja. Watu wanasaini karatasi tupu wakidhani ni ya chandarua au ya posho, halafu inabanwa nyuma ya muhtasari wa kugawa ardhi. Kinga yake ni rahisi: kichwa cha kila ukurasa kiandikwe tarehe, aina ya mkutano na namba ya ukurasa kabla ya sahihi ya kwanza, na nafasi iliyobaki chini ipigwe mstari. Karatasi isiyo na kichwa usiisaini, hata kama mtendaji ni binamu yako.

Muhtasari safi nao hauhalalishi kila kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ziwani. Mkutano mkuu ukiridhia nyumba ya biashara meta 25 kutoka majini, hata kwa kura zote, ridhaa hiyo haiiondoi sheria.

Kosa likigunduliwa, halifutwi kwa wino mweupe. Linatajwa kikao kinachofuata, wakati wa kuthibitisha, na marekebisho yanaandikwa kabla ya sahihi kuwekwa. Ndiyo maana rasimu isomwe kwa sauti, yote. Kusema “mmeshaisikia, tuendelee” kunawanyima watu nafasi pekee ya kusahihisha. Kitabu chenyewe kikae ofisini. Mtendaji akihamishwa, akabidhi kwa maandishi, na namba ya ukurasa wa mwisho itajwe.