Je, wajua kwa nini mvuvi wa Lamu ukimuuliza kuhusu kambi ya Manda anakujibu habari za jarife, ule wavu wake wa kutega usiku?

Pale Magogoni, kwenye ghuba ya Manda, kuna kambi ya jeshi la wanamaji la Kenya, na ndani yake Wamarekani wako tangu miaka ya 2000, sehemu yao inaitwa Camp Simba. Wageni wakija huuliza, nyinyi mnawapenda ama mnawachukia? Huku jibu halianzii hapo, linaanzia baharini.

Manake ukitoka Amu, yaani Lamu mjini, kwenda Faza ama Kizingitini boti inapita Mkanda, kile kijia chembamba cha mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakitoka unakwama, yakijaa unapita unatokea ghubani, na kambi iko hukohuko. Yaani ni njia yetu ya kila siku.

Sasa jarife hutegwa magharibi likatolewa alfajiri, ndio kazi yake. 2011 wageni wa Ulaya walitekwa Kiwayu na Manda, Kenya ikaingia Somalia, halafu 2014 watu zaidi ya 60 wakauawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Amri ilikuwa ya Kenya, si ya Mmarekani, lakini mtu dau lake limelala mchangani usiku kucha na anajua ng'ambo ya maji kuna wageni wenye ndege na silaha, atayatenganisha vipi hayo kichwani? Mimi simlaumu hata kidogo.

Na hakuna anayewataka Shabaab. 5 Januari 2020, kabla hakujapambazuka, waliivamia kambi hiyo wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Basi unamsikia mtu anasema kama wao wenyewe wamevamiwa sisi wa Ndau na Kiunga tutalindwa na nani, na kahawa haijaisha anasema bila kambi ingekuwa mbaya zaidi. Yote mawili anayaamini.

Nanyuki ni kwingine, kule wanajeshi wa Uingereza wanaingia mjini, na 2021 moto wa mazoezi yao uliunguza hifadhi ya Lolldaiga wenyeji wakaenda kortini. Huku Mmarekani humwoni barabarani, labda siku ya kufungua darasa ama kisima, kwa hiyo ugomvi wa mtu na mtu ni mdogo, kinachouma ni kutoulizwa. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulipowaharibia uvuvi, wavuvi walienda kortini, na 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ile miaka ya usiku bila bahari nayo ilistahili kuhesabiwa hivyohivyo, nasema wazi.

Ruhusa iliporudi ami yangu alishusha jarife lake darini, akavuta kamba ya maboya ikamkatikia mkononi, akavuta ya pili nayo ikakatika, akalikunja akalirudisha juu. Siku hizi anabeba abiria wa Mkanda.