Jina linakatwa wapi? Vyama vya siasa kwenye nchi za shirikisho

Hapa Tanga, kijiweni Ngamiani, ishu ya serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar) ikiibuka utasikia watu wanabishana marais watakuwa wangapi, mabunge mangapi, gharama atabeba nani. Vyama hakuna anayevigusa. Mimi kazi yangu ni kuvisoma vyama kwa hiyo swali langu huwa moja tu, jina la mgombea litakatwa wapi, yaani ndani ya chama nani anaamua huyu agombee na yule aachwe? Maana katiba inaweza kuandika shirikisho zuri kabisa, kila jimbo na serikali yake, ila kama majina yote yanakatwa mezani kwa mtu mmoja, hilo shirikisho ni la kwenye karatasi.

Mfano Mexico. Katiba yao ya 1917 ni ya shirikisho, majimbo yana magavana, yana mabunge, kila kitu kipo. Lakini chama cha PRI kikatawala toka 1929 mpaka 2000 na kwa miaka mingi rais ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nani awe gavana, sasa gavana wa hivyo atambishia nani? Mpaka 1989 ndipo upinzani ukashinda ugavana wa kwanza kule Baja California, na katiba ilikuwa ileile.

Canada ni kinyume chake, majimbo yana hela na madaraka ya kweli, hospitali zao, shule zao, madini yao, kwa hiyo vyama navyo vimegawanyika. Chama cha Liberali cha jimbo la Quebec kilijitenga na wenzao wa ngazi ya taifa, Ottawa, 1964. Wale wa jimbo la British Columbia ndo kituko, jina Liberali ila chama kingine kabisa na ndani wamejaa wahafidhina, mpaka 2023 wakaamua kulibadilisha jina lenyewe.

Ila mimi ninaowapenda ni Wajerumani. Wana vyama viwili ndugu vya kihafidhina, CDU na CSU: CDU haisimamishi mgombea jimbo la Bavaria, CSU haitoki nje ya Bavaria, wakifika bungeni wanakaa kundi moja. Yaani CSU ina chama chake, mwenyekiti wake, majina inakata yenyewe, halafu bado inakula meza kuu ya taifa. 1976 mwenyekiti wa CSU, Franz Josef Strauß, na wenzake wakaamua kulivunja hilo kundi la bungeni, CDU wakajibu sawa, basi na sisi tunakuja kufungua matawi huko kwenu Bavaria, na kabla mwaka haujaisha CSU wakarudi wenyewe. 1980 huyohuyo Strauß ndo akawa mgombea ukansela (ukuu wa serikali) wa vyama vyote viwili!

Nigeria wao wameamua kulazimisha kwa katiba. Jamhuri ya kwanza vyama vilikuwa vya kanda, NPC kaskazini, Action Group magharibi, NCNC mashariki, na ikaishia kwenye mapinduzi ya kijeshi 1966. Sasa hivi kamati ya taifa ya chama lazima iwe na watu wa theluthi mbili ya majimbo, makao makuu Abuja, na mgombea urais apate robo ya kura kwenye theluthi mbili ya majimbo. Hapo ndo vyama vikubwa vikaanza kupeana zamu kati ya kaskazini na kusini, japo hiyo zamu kila uchaguzi inaleta ugomvi.

Sisi si shirikisho, ila sheria yetu ya vyama ya 1992 ilikuja na roho hiyohiyo, chama kiwe na wanachama wasiopungua 200 kwenye kila mkoa kwa mikoa kumi, miwili kati yake iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja mmoja Pemba. Kwa hiyo chama cha Tanga peke yake, kama CSU, sahau. Na mgombea binafsi hakuna, ukikatwa jina unatafuta chama kingine kama Lowassa 2015, alipokatwa CCM akahamia CHADEMA.

TANU na ASP ziliungana 1977 zikawa CCM, na mgombea urais wa Zanzibar kwa kawaida majina yanapendekezwa visiwani lakini anayeamua ni Halmashauri Kuu ya Taifa. 2020 yalifika matatu Dodoma, akapita Hussein Mwinyi. Serikali ya Zanzibar ni yake, ila kalamu ya mwisho iko bara.

Sasa rasimu ya katiba ya tume ya Warioba ya 2013, ile ya serikali tatu, ingepita na Tanganyika ikapata rais wake mwenye bajeti yake, mimi naona CCM ingelazimika kuunda kamati ya Tanganyika, na hao wakishaonja kukata majina wenyewe wasingekubali tena kuyapeleka juu, halafu Wazanzibari nao wangeuliza mbona wale wanajikatia na sisi bado tunapeleka matatu Dodoma.