Chai ya Maziwa Nayo ni Chakula: Kwa Nini Tunakurudisha Kabla ya Kipimo cha Nyongo

Malalamiko ya wanaokuja idara yetu ya picha kupimwa nyongo kwa altrasaundi siku hizi yanafanana: "Nimetoka mbali, nimelipia, wamenirudisha kisa kikombe cha chai." Usumbufu huo tunauelewa, hasa kwa aliyepanda basi alfajiri. Ila aliyekurudisha hakukufanyia kusudi. Hakuwa na cha kupima.

Aliyewahi kupasua kuku anakijua kifuko cha nyongo: kile cha kijani kilichojibana chini ya ini, ambacho kikitoboka kitoweo chote kinakuwa kichungu. Cha binadamu nacho kimejibana hivyo hivyo, kulia, chini ya mbavu. Kina urefu wa sentimita 7 hadi 10 na hubeba mililita 30 hadi 50 tu. Nyongo haitengenezwi humo. Inatengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku. Kifuko huitunza na kuikoleza, kikisubiri mafuta yafike utumboni. Na maziwa yana mafuta. Yakifika, homoni inatoka, kifuko kinajikamua. Hapo kwenye skrini, badala ya umbo jeusi kama tunda la pea lenye ukuta usiozidi milimita 3, tunaona kitu kimesinyaa, ukuta mnene. Ni ugonjwa au ni chapati? Hatuwezi kuapa.

Kifuko kikiwa kimejaa, kijiwe cha nyongo kilichomo hujitaja chenyewe. Kinang'aa, kinaacha kivuli cheusi nyuma yake, na ukilalia ubavu wa kushoto kinabingirika. Ndiyo maana tunakugeuzageuza kitandani. Watoto wenye selimundu wanapata vijiwe hivi mapema, kwa kuwa chembe nyekundu zao huvunjika kila mara na kujaza bilirubini, rangi ya njano itokayo kwenye chembe hizo, kwenye nyongo.

Basi utaratibu ni huu. Usile kwa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Ukila mapema usiku ukaja asubuhi, imetosha. Maji matupu kidogo ruksa, na dawa ya presha meza kama kawaida. Sigara na bigijii, hapana. Mwenye kisukari aseme siku ya kupangiwa, awekwe wa kwanza, na amuulize daktari kuhusu dozi ya asubuhi, asijiamulie. Mtoto mchanga ana saa zake, utaelekezwa. Mgonjwa wa dharura, mwenye maumivu makali, homa na macho ya njano, hasubiri saa yoyote. Njoo na fomu yenye jina lako kamili na muhuri, pamoja na picha za zamani. Kadi ya bima haiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja: tukigundua, kipimo kinasitishwa, kadi inazuiwa na taarifa inapelekwa kwa shirika la bima.

Jambo la pili. Kila inapokaribia Siku ya Homa ya Ini, 28 Julai, watu hujaa wakitaka altrasaundi "nijue kama ninayo". Kirusi hakionekani kwa altrasaundi. Ini la kilo moja na nusu linaweza kuishi na kirusi B miaka mingi likiwa laini kabisa kwenye picha. Hicho ni kipimo cha damu, tafadhali. Sisi tunaona mafuta, makovu, uvimbe, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa, makovu ya kichocho kuzunguka mshipa mkubwa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini. Uvimbe wenye mashaka huenda siti skani yenye dawa ya mshipani. Hiyo ndiyo yenye mionzi. Altrasaundi haina, mama mjamzito asiogope.

Halafu kuna hili la "kusafisha ini" kwa limau na mafuta ya zeituni. Tunaletewa vigololi vya kijani kwenye kikopo, mtu ana furaha, anasema vijiwe vimetoka. Ni sabuni iliyogandia tumboni kutokana na mafuta yale yale. Mmoja alitaka tumpime hapo hapo tuthibitishe. Tukamuuliza mafuta alikunywa lini. Asubuhi hiyo. Ikabidi tumpangie siku nyingine.