Mbps 20 si MB 20

Jirani yangu wa Kisasa, hapa Dodoma, aliniita akiwa amefura. Kalipia intaneti ya waya ya Mbps 20, lakini filamu ya MB 700 inamchukua karibu dakika tano kuipakua. "Wameniibia, jirani." Kwa hesabu yake, ilitakiwa kuisha kwa sekunde 35.

Hajaibiwa. Mbps ni megabiti kwa sekunde, MB ni megabaiti: herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 20 kwa 8, unapata MB 2.5 kwa sekunde. MB 700 zinataka sekunde 280, yaani dakika nne na ushee. Kampuni hutangaza kasi kwa biti (namba inapendeza zaidi kwenye bango, nadhani), ilhali simu na kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa baiti.

Tena hiyo 20 ni ya nyumba nzima. Watoto wakiwasha katuni sebuleni, mnagawana. Kuta nazo hudhoofisha waifai: chumbani kwake tulipima tukapata 6, tulipochomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, 19. Ruta yenyewe ilikuwa imefichwa nyuma ya kabati la vyombo. Tumeihamisha.