Nyama ya moshi maana yake nini, na mbona Julai inakataa kuiva

Hapa Nakuru ukiambia mtu unapika nyama ya moshi anadhani ni nyama choma iliyokaa kwa jiko mpaka ikanukia moshi, na si makosa yake, sisi nyama yetu karibu yote inaivia kwa makaa so moshi haukosekani. Lakini ni vitu viwili tofauti kabisa na tofauti yenyewe sio moshi, ni mahali moto umekaa. Kuchoma ni nyama juu ya makaa, joto linaipiga usoni, mbuzi anageuzwageuzwa, baada ya muda mnakatiwa kwa ubao na chumvi kando. Ya moshi ni hivi: makaa upande mmoja, nyama upande ule mwingine ambao hauna moto chini, kifuniko kimefungwa, halafu nyama inaiva polepole na ile hewa moto inayopita hapo ndani ikibeba moshi wa kipande cha kuni ulichoweka juu ya makaa. Joto la ndani ya jiko linafaa kuwa kama digrii 110 mpaka 130 na linakaa hapo hapo masaa manne, sita, kidari kizima cha ng'ombe hata kumi na zaidi.

Sababu ya kungoja hivyo ni zile sehemu ngumu. Mkono, shingo, kidari, hiyo ni misuli iliyobeba mnyama maisha yake yote, imejaa zile nyuzi nyeupe zinazoshikanisha nyama, na hizo nyuzi huwezi kuzilazimisha, zinaanza kulegea vizuri nyama ikishapita digrii 70 ndani na hata hapo zinataka muda ndio zigeuke kuwa ule utelezi unaoujua kwa supu ya kongoro. Ukizipiga moto mkali, nje inaungua na ndani bado unavuta na meno.

Na usichanganye na ile ya kina kukhu (nyanya) kule Webuye. Kukhu wangu alikuwa anatundika nyama juu ya mafiga siku kadhaa, hapo lengo ni kuikausha isioze, ndio maana ikishukishwa lazima ichemshwe tena ndio ilainike. Hii nazungumzia inaiva papo hapo na inaliwa siku hiyo.

Sasa baridi. Mwaka juzi mwezi wa saba nilipeleka jiko langu la drum kwa shemeji kule Molo, juu zaidi na baridi kuliko Nakuru, tukanunua mkono wa kondoo, na mnajua kondoo wa Molo hahitaji kutangazwa. Jikoni kwangu Nakuru mkono kama huo nauweka saa nne asubuhi na saa tisa tunakula. Huko saa kumi na moja jioni mfupa ulikuwa haujaanza hata kucheza, ukungu umeshuka, watoto wameshapewa chai na mkate mara mbili. Nilichofanya ndicho wengi hufanya: niliona joto linashuka nikamwaga makaa mengi ambayo hayajashika moto kwa mpigo na kuongeza kuni, moshi ukatoka mweupe mzito kama wa kufukuza mbu, na ile nyama ilipoiva usiku ilikuwa chungu kwa ulimi. Iliniuma sana kwa sababu ilikuwa nyama nzuri.

Hapo ndipo nilielewa kitu kimoja ambacho nataka ukishike, baridi haikuibii moshi, inakuibia joto. Moshi utaupata tu, tena nyama baridi yenye unyevu usoni inanasa moshi vizuri kuliko iliyokauka. Kile unapigania ni ile digrii 110. Drum ya mafuta iliyokatwa na fundi wa jua kali ni chuma chembamba, joto linapenya kwa ukuta na kupotea nje mfululizo, na mwizi mkubwa kuliko baridi yenyewe ni upepo, upepo wa Molo ukigonga hilo drum ni kama mtu analimwagia maji. So kabla ya kuongeza makaa zuia upepo. Weka jiko nyuma ya ukuta, simamisha mabati upande upepo unatokea, panga matofali mawili matatu ndani upande wa nyama ili yashike joto, na uwashe mapema, jiko likae tupu likiwa limefunikwa karibu saa nzima lipate moto lote kabla nyama haijaingia.

Makaa ongeza kidogo kidogo na yawe yameshashika kwa jiko dogo kando. Tundu la hewa la chini ndio usukani wako, ukilifunga moto unakosa pumzi na kuni inatoa ule moshi mchafu mweupe wenye uchungu, moto ukipumua vizuri moshi unakuwa mwembamba, karibu rangi ya bluu, saa zingine hata huuoni vizuri. Ila asubuhi ya baridi mvuke nao unaonekana mweupe ukitoka kwa bomba la moshi, so usiogope kila weupe, nusa: ukikuwasha macho na koo ni mbaya. Kuni napenda mpera au mwembe, iliyokauka. Mkaratusi, saiprasi na paini zina utomvu, wacha, na mbao zilizopakwa rangi usijaribu kabisa.

Kifuniko nacho wacha kukifungua kila dakika kumi kuonyesha wageni. Julai ukifungua mara moja hewa moto yote inatoka na jiko linachukua muda mrefu kurudi pale lilikuwa.

Kuna na ile hali nyama inagoma. Inapanda vizuri mpaka kama digrii 65 au 70 halafu inasimama, saa nzima, mawili, haisongi, na watu hapo ndio hupanik na kumwaga makaa. Jiko halijaharibika. Nyama inatoa jasho, na lile jasho likikauka linaipoza vile vile jasho linakupoza wewe, upepo nao unaongeza mchezo. Ikifika hapo na imeshapata rangi nzuri ifunge, karatasi ya foili inafanya kazi, mimi hutumia majani ya ndizi niliyopitisha kwa moto yakalegea, mbili au tatu zikipandana, halafu irudi jikoni. Moshi imeshapata wa kutosha.

Na kuna jambo la huku juu ambalo maelezo ya Wamarekani hayakuambii. Wao wanasema ngoja nyama ifike digrii 95 ndani. Nakuru tuko zaidi ya mita 1,800 na maji yanachemka karibu digrii 94, Molo ni kama 92, na nyama ni maji mengi, so unangoja namba ambayo inaweza isifike na nyama inakukaukia. Wachana na namba, dunga uma, ukiingia kama kwa siagi na mfupa ukizunguka mkononi imeiva. Kuku ndiye naye hana mjadala, hakikisha amefika 74 pale paja limeshikana na mwili.

Mvua ikianza usiingize hilo jiko kwa nyumba wala kwa garage, hata mlango ukiwa wazi. Makaa yanatoa ile gesi isiyo na harufu na kila msimu wa baridi inaua watu waliolala na jiko ndani. Weka chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili au uvae koti ukae nje nalo.

Ikitoka usiikate saa hiyo. Iache kwa majani yake, izungushie taulo nzee na uifungie kwa kulabox (lile sanduku la kuweka vinywaji baridi) au hata ndoo yenye kifuniko nusu saa hivi, kwa hiyo baridi ukiiacha mezani mafuta ya kondoo yanaganda kabla ugali haujaepuliwa.