Lezi ya mtumba: usinunue rangi, nunua bedi

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Chikongola kanipigia usiku, fundi nimeiona lezi mashine, ile ya kukereza vyuma, Dar, Gerezani, imepigwa rangi ya kijani inang'aa kama mpya, nitume hela? Nikamwambia dogo tulia, hiyo rangi ndo inanitia wasiwasi.

Mimi nakereza vyuma hapa Mtwara, kazi zangu nyingi ni shafti za boti za Mikindani, bushi za mashine za korosho na pini za trekta. Lezi yangu ya kwanza niliinunua kwa macho tu, inang'aa, mota inaunguruma vizuri, kumbe bedi, ule uti wa chuma wa chini wenye reli, imelika upande wa chaki, yaani kile kinachoshika chuma na kukizungusha. Bushi fupi ilikuwa inatoka poa, shafti ndefu inatoka kama karoti. Nilikuja kuiuza kwa hasara na mke wangu mpaka leo akiona kitu kinang'aa ananiangalia.

Bedi huliwa pale karibu na chaki kwa sababu kazi nyingi ni fupi, keriji, kile kigari kinachobeba kisu, inaenda na kurudi palepale miaka nenda rudi, na vumbi la chuma likichanganyika na oili linakuwa msasa. Kuinyoosha ni kuisaga upya yote kwenye mashine kubwa, hela yake unaweza kununua lezi nyingine. Vingine vinarekebishika bana, nati ya krosi slaidi, ile inayopeleka kisu mbele na nyuma, ikicheza unachonga ya brasi mwenyewe, mikanda ipo madukani.

Sasa bedi iliyolika unaikamata hivi: sogeza keriji mpaka karibu na chaki, kaza bolti yake ya kufungia kidogokidogo mpaka itembee kwa ugumu kiasi, halafu zungusha mkono wake iende kuelekea telistoki, kile kichwa cha upande wa pili wa bedi. Ikizidi kuwa nzito ikafika katikati ikagoma, bedi imelika hiyo, aga uondoke. Halafu omba iwashwe. Funga chuma cha kama milimita 30 kitoke nje ya chaki sentimita 15 bila senta, ile ncha ya kushikilia mwisho wa chuma, kereza pasi nyembamba, pima mwanzo na mwisho kwa maikromita. Tofauti ya milimita 0.02 kwa kazi zetu haina shida, ikifika 0.1 uliza maswali, ila usilaani haraka maana mashine iliyokaa vibaya sakafuni bedi inajipinda na inaleta hivyohivyo. Pitisha gia zote, moja moja, sikiliza jino lililokatika linavyogonga. Muuzaji akisema umeme leo hakuna rudi kesho, asipokuwepo kesho basi.

Chaki ya meno manne, stedi ya kushikilia shafti ndefu isiyumbe na gia za kubadilishia viwe kwenye bei hiyohiyo, ukija kuvitafuta kimoja kimoja utalia. Lezi za zamani za Uingereza kama Colchester na Harrison ni chuma kweli, ila nyingi skrubu yake ya kuvuta keriji ni ya inchi, kukata uzi wa bolti wa milimita bila kubahatisha unahitaji gia ya meno 127, sababu inchi ni milimita 25.4. CA6140, lezi ya Mchina, inakata zote mbili, ila mota yake ni kilowati 7.5 fezi tatu na uzito unakaribia tani 2, na wewe nyumbani una fezi moja. Kwa hiyo kama una milioni 7 usiende na milioni 7 yote, bakiza ya umeme na ya usafiri.

Usafiri nao una ujanja wake, malori mengi yanakuja huku kubeba saruji na mengine yanashuka matupu, ongea na dereva. Wakati wa kuinyanyua sukuma keriji na telistoki mwisho kabisa, mbali na chaki, upande wa chaki ni mzito, ikikuelemea hiyo haina huruma. Ikishafika huku kwetu upepo wa bahari hauchezi, bedi ipake oili kila jioni, mimi nikisahau siku mbili tu nakuta madoa ya kutu.

Dogo kaenda Jumamosi, kafanya la keriji, imegoma katikati. Muuzaji anasema grisi imekauka, dogo kamwambia basi paka mpya turudie, jamaa kaanza kutafuta funguo. Ameona nyingine, Harrison kuukuu, rangi imebanduka yote hata jina halisomeki vizuri, kesho asubuhi ananipigia video aijaribu kukereza niione.